Kura ya Celeste Kule Ayalandi

Dada yangu alipiga kura kwenye nchi isiyo yake, na mimi, kaka yake wa tumbo moja, nikaenda kumshtaki.

Naandika haya kwa aibu. Msinitukane kabla hamjafika mwisho. Mkifika mtakuwa na sababu zaidi.

Naitwa Arsenio. Nakaa kijijini, ukishapita Madimba unaelekea mto Ruvuma. Mama yetu, Helena, asili yake Msumbiji, ndiyo maana mimi na dada yangu tuna majina ya upande ule. Baba, Mzee Issa, alikuwa mtu wa hapahapa. Mungu amrehemu.

Dada yangu anaitwa Celeste. Yuko Ayalandi mwaka wa tatu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, mji unaitwa Cork.

Sasa ilikuwa Juni 2024, siku ya Ijumaa. Niko shambani napulizia mikorosho salfa, uso mzima wa njano. Simu ikalia mfukoni.

Picha kutoka kwa Celeste. Kasimama mbele ya shule, koti hadi magotini, kakenua meno yote.

Chini kaandika: "Kaka, leo nimepiga kura!"

Daah. Nikazima mashine.

Kura? Kura gani?

Kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua kura ni ya raia. Na ukichukua uraia wa wenzio, wa kwetu umeuacha. Huwezi kuwa navyo viwili.

Kwa hiyo dada yangu kaukana Utanzania kimyakimya, halafu ananitumia na picha!

Jioni nikaipeleka ile picha gengeni kwa Farida, tunapokunywa kahawa. Rafiki yangu Ussene akaiangalia, akaikuza, akaangalia tena.

"Kimenuka," akasema. "Huyu kashakuwa mzungu."

"Si mumpigie mumsikie mwenyewe?" Farida akasema.

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Jamani, ni kura ya madiwani tu," Celeste akatuambia. "Hiyo anapiga yeyote anayeishi hapa, mradi kajiandikisha. Hawaulizi pasipoti yako ya wapi."

"Uongo," Ussene akanong'ona.

"Mgombea mwenyewe alikuja kubisha hodi mlangoni kwangu. Nikamwambia taa za barabara yetu haziwaki. Akaandika kwenye kidaftari."

"Mgombea? Kwa miguu?" Farida akauliza.

"Kwa miguu, dada, na mvua inanyesha."

"Hakuna gari la matangazo? Hakuna kofia? Hakuna pilau?"

"Karatasi moja tu yenye sura yake."

"Basi huyo hakuwa mgombea," Farida akasema. "Huyo fundi umeme."

Genge zima likacheka. Celeste naye akacheka kulekule.

Akaendelea kutueleza. Kura wanapiga kwa penseli. Hawaweki tiki, wanaandika namba. Moja kwa unayempenda, mbili kwa anayefuata, tatu, mpaka uchoke. Wako namba moja akishindwa, kura yako inahamia kwa namba mbili. Na kuhesabu kunachukua siku kadhaa.

Ussene akashindwa kuvumilia.

"Penseli si inafutika? Kura inahamaje, ina miguu? Na siku zote hizo wanahesabu nini? Sisi mnada wa korosho bei zinasomwa mbele yetu, tukikataa tunakataa palepale. Hao wanapika matokeo, dada. Serikali ya watu hao siiamini hata kidogo."

"Hata huku wapo wasioiamini," Celeste akajibu. "Wanalalamika nyumba za kupanga hazipatikani, vijana wanakimbilia nje. Ukiwasikia utadhani uko gengeni kwenu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namsikiliza kwa sikio lingine. Mtu mwenye maelezo mengi hivyo, anaficha nini?

Ngoja niseme ukweli, maana ndiyo faida ya kuandika huku hamnioni.

Shaka yangu ilikuwa na mikorosho sitini nyuma yake.

Baba alipofariki, tukakuta shamba ameliandika jina la Celeste. Lote. Mimi mkubwa, mimi mwanaume, mimi ndiye napalilia, napulizia, naokota mpaka mgongo unagoma. Jina kwenye karatasi, la Celeste. Miaka kumi nilikuwa na donge hilo kooni.

Na asiye raia hamiliki ardhi nchi hii. Mnanielewa?

Nikamwambia mke wangu, Rehema, kwamba nakwenda kwa mtendaji wa kijiji.

"Dada yako anakupigia kila Jumapili," akasema. "Unamtafuta nini?"

"Natafuta ukweli."

"Sema mikorosho."

Nikavaa shati la Idi nikaondoka.

Mtendaji wetu ni mwanamke, anaitwa Shamimu. Mkali wa kazi, hana mzaha na mtu. Nikamwekea simu mezani na ile picha. Pembeni yake nikaweka kadi yangu ya mpiga kura, ili aone raia anavyofanana. Nimepiga kura mara tatu, nikamwambia, zote za hapa.

"Suala la uraia mimi siamui," akasema. "Mimi nachukua maelezo, napeleka uhamiaji. Ila nikishaandika, kaka Arsenio, sifuti. Una uhakika?"

"Andika."

Akaandika. Nikatia sahihi. Nikatoka pale najiona kidume.

Jumatano asubuhi tukaitwa ofisini. Yupo Shamimu, wapo wazee wawili wa baraza, yupo Mama. Celeste kwenye simu, katikati ya meza.

Shamimu akamuuliza kuhusu ile kura. Celeste akajibu kama alivyotujibu gengeni. Akatuma na picha ya pasipoti yake. Ya Tanzania, na kibali chake cha kazi cha kule.

"Pasipoti si kitu," nikasema. "Anaweza kuwa nazo mbili."



"Kaka," Celeste akasema, "chukua mikorosho. Yote. Nitasaini leo hii. Ila iondoe hii kesi."

Nikageukia wazee. "Mnaona? Mnaona anavyoogopa?"

"Kaka, nakuomba iondoe."

"Siondoi! Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Binti yangu," akamwambia Shamimu, "lifunge hilo faili. Watoto wamekoseana, tutayamaliza nyumbani."

"Mama, limeshafunguliwa," Shamimu akasema, sauti imepoa. "Na maelezo ni ya kaya nzima. Lazima nijaze kila mtoto alizaliwa wapi. Tuanze na Celeste."

"Hospitali ya hapa mkoani. Cheti chake kipo sandukuni."

"Na Arsenio?"

Mama akaendelea kukunja pindo la khanga.

Nikamjibia mimi. "Mimi nimezaliwa hapahapa kijijini, andika."

Shamimu hakuandika. Alikuwa anamtazama Mama. Wale wazee wawili, mmoja akageukia dirishani, mwingine akawa anaangalia kandambili zake. Walikuwa wanajua. Kijiji kizima cha watu wa umri ule kilikuwa kinajua!

"Mimi siwezi kuapa uongo kwenye karatasi ya serikali," Mama akasema, lafudhi ya kwao imemrudia. "Huyu ntoto nilivuka naye mto, yuko ngongoni, hajaanza hata kukaa. Vita ilikuwa kwetu. Baba yake alibaki kule, aliuawa. Nzee Issa nilimkuta huku, akanioa, akamlea kama wake."



"Mama, unasema nini?"

"Nasema ulichokuwa unakitafuta, mwanangu."

Halafu akaniambia lile lililonimaliza. Baba alitaka shamba aliandike jina langu. Alishatoka mpaka njiani kwenda ofisini. Akarudi. Akamwambia Mama, "Siku wakichimba huyu alizaliwa wapi, shamba litaondoka naye. Naliandika la Celeste, ili Arsenio akae juu yake bila kuulizwa na mtu."

Miaka kumi nilikuwa namnunia marehemu, kumbe alikuwa ananikinga.

"Celeste alijua?" nikauliza.

"Tangu msiba."

Simu pale mezani ikatoa sauti ndogo. "Kaka, nilikwambia uondoe."

Nililia mbele ya mtendaji na shati langu la Idi. Kumbe mtu aliyekuwa anapiga kura kwenye nchi isiyo yake nilikuwa mimi. Tena bila ruhusa, tofauti na mwenzangu.

Shamimu akaichukua ile kadi yangu, niliyoiweka mezani mwenyewe kwa mbwembwe, akaitia kwenye bahasha pamoja na maelezo.

"Hii nayo inakwenda uhamiaji," akasema. "Pole, kaka. Nilikuuliza kama una uhakika."

Kuanzia hapo nimekuwa mtu wa kupanda gari kwenda Mtwara mjini na kurudi. Uhamiaji nilisema kila kitu, zile kura tatu zikiwemo. Naomba uraia nikiwa na umri huu na mvi zimeanza. Wale wazee wawili walinitolea ushahidi. Celeste aliandika barua kwamba nikae shambani, nilime, nivune, hana neno. Hata neno moja la kunilaumu hakuandika. Angenitukana ningepumua.

Ikafika Novemba. Tarehe 27, uchaguzi wa serikali za mitaa. Watu wamepanga foleni shuleni toka asubuhi. Mke wangu kaenda. Ussene kapita shambani kunipitia.

"Arsenio, huji?"

"Nenda tu. Nina kazi."

Nikainama nikaendelea kuokota korosho. Alisimama kidogo, kisha akaondoka. Hakutania.

Ijumaa yake Celeste akapiga.

"Leo huku wanachagua bunge," akasema.

"Namba moja umempa nani?"

"Sijapiga. Hii ya bunge si ya watu kama mimi. Nimeshinda nyumbani."

"Na mimi juzi nilishinda shambani."

"Najua. Rehema kaniambia."

Halafu akaanza kucheka yeye, nikacheka na mimi, na machozi yakatoka hapohapo.

"Sasa wewe una madiwani wako wa Ayalandi," nikamwambia, "mimi sina hata mwenyekiti wa kitongoji."

"Utampata. Subiri." Kisha akaongeza, "Halafu kaka, zile taa za barabara yetu, nilizomwambia yule mgombea?"

"Enhe?"

"Siku hizi zinawaka."

Safari hii nikamwamini.

Nimeandika hii kwa ajili ya wewe unayemchunguza ndugu yako sasa hivi, unakuza picha zake, unatafuta penye kasoro. Kabla hujamdai karatasi zake, nenda kwanza kamuulize mama yako kuhusu za kwako.