Mkate wa Davlat, Jeppestown

Asubuhi ile ya mwaka 2015 mimi nilikuwa nashona sare za shule, Davlat anapika mikate. Tulikodi karakana moja hapa Jeppestown, mtaa wa Wazulu na wageni kama sisi: cherehani zangu upande huu, tanuri lake la udongo upande ule. Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Shule niliiacha mapema, kushona nilijifundisha mwenyewe, na sina aibu. Davlat alitoka Tajikistani, Kiswahili alikiokota kwetu. Mtaa mzima ulimwita Mpakistani, na mimi kila mara nikagomba.

Nchi yake aliwahi kunichorea kwa chaki juu ya kitambaa. Karibu yote ni milima. Kusini mto Panj, na ng'ambo yake Afghanistani. Warusi waliwatawala, mipaka ikakatwa kama mtu anavyokata nguo bila kupima, miji ya Samarkandi na Bukhara ikaangukia kwa Wauzbeki ingawa imejaa watu wa lugha yake. Utawala ule ulipovunjika, watu wa bonde hili na wa bonde lile wakachinjana. Vizuizini swali lilikuwa moja: unatoka bonde gani? Baba yake alisema ukweli, wakamuua.

"Kama kwetu Fizi," nikamwambia.

"Aka," akasema, ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa, "nyinyi mlikimbia mkila ndizi. Sisi mawe tu."

Tukacheka, wajinga sisi.

Mchana tukasikia kelele zinapanda barabara. Watu na marungu, wanavunja maduka ya wageni. Magazeti yaliita fujo. Mimi nimekimbia vita, navijua nikiviona.

Nikafunga mlango wa chuma.

Davlat akaufungua.

"We mwehu?"

"Hawa wateja wangu, Aka. Wamekula mkate wangu."

Kwao aliyekula mkate wako hakugusi. Wakati wa vita mama yake aliwatolea mkate wenye bunduki mlangoni. Wakala, wakaiacha nyumba. Davlat alikuwa mtoto, aliona kwa macho yake.

"Hapa si milimani!" nikamfokea. Nikamkamata shati. Likachanika, likabaki mkononi mwangu.

Akatoka na mikate ya moto.

Wa mbele akachukua mmoja. Akauma. Nilimwona akitafuna.

Kisha akampiga nondo kichwani.

Nilitoka na mkasi. Wakaniangusha, wakanivunja mkono.

Cherehani walibeba. Na mikate walibeba.

Jirani yetu Gogo Thandi, bibi wa Kizulu, ndiye aliyemfunika kwa shuka lake, akiwatukana wale vijana kwa lugha yao. Ambulensi ilimkuta amekwisha. Yule wa ambulensi akaniuliza, "Mpakistani?"

Miezi ikapita, viongozi wa mtaa wakatuita ukumbini, sisi na wale vijana, tupatane. Bwana wa suti akasema walikuwa wahalifu wachache, tushikane mikono, yaishe. Yule aliyetafuna alikaa safu ya pili. Akaninyooshea mkono.

"Sharp, baba," akasema, yaani mambo shwari.

Nikauacha mkono wake hewani.

Wakongo wenzangu hadi leo wananilaumu: papa, samehe, utakufa na kinyongo. Nitakufa nacho. Mkono wangu uliovunjika naweza kuusamehe, ni wangu. Davlat si wangu wa kugawa. Vita vya kwao vilimla baba, yeye vikamwacha, akaja kuuawa hapa mchana kweupe, mbele ya watu aliowalisha. Mama yake yu hai. Anayetaka msamaha amfuate huko huko Tajikistani, apande milima kwa miguu, agonge mlango, aseme mwenyewe alichofanya.