Nilitoa Viti vya Sebuleni Nikachukua Earphone

Msomaji wetu huyu ni wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Jina lake tumelificha kama alivyotuomba, na majina ya wengine ameyabadilisha mwenyewe. Msomeni mpaka mwisho ndipo mmjibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa na nina binti mmoja. Kwetu ni magharibi. Tangu usichana nimefanya kazi kwenye mashine za kufuma katika kiwanda fulani hapa Nairobi. Zile mashine zina kelele mpaka tukiwa kazini tunaongea kwa mikono, na polepole zimenila masikio. Mtu akiniita kutoka chumba cha pili nasikia sauti, maneno siyapati. Zamani niliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Niliacha siku mwalimu alipousimamisha wimbo tena na tena bila kusema nani anakosea, na wenzangu wote wakaangalia chini. Nikajua ni mimi.

Sasa nina binamu, nitamwita Peris. Alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani mzungu mmoja wa kurekodi muziki. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao alimwachia vitu kadhaa, na kati ya hivyo kulikuwa na earphone ambazo wanamuziki huvaa jukwaani. Si zile za sponji za kuning'inia. Hizi zinaingia ndani ya sikio na kuliziba kama pamba. Alimwambia ni za bei kali, asimpe mtu bure.

Peris alikuja kwangu Jumapili moja akanionyesha. Nilizichomeka kwenye redio yetu ndogo ya kaseti, nikaweka kaseti ambayo kwaya yetu ilirekodi kabla masikio yangu hayajaharibika. Kaseti hiyo naijua kama ninavyoijua nyumba yangu. Kwa earphone za mume wangu, zile za kununua barabarani, zile sauti nne hubanana kama watu wanaogombea mlango mmoja, na ili nipate neno lazima niongeze sauti mpaka kichwa kiniume. Kwa hizi sikuongeza kitu. Kelele za nje zilikatika, kisha kila sauti ikasimama mahali pake. Besi kule chini, soprano juu, na katikati nikajisikia mimi. Nilisikia ninavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Nilisikia pia mahali nilipochelewa kuingia, maana hizi earphone hazimpambi mtu. Kama kaseti inakwaruza, zinakuonyesha mkwaruzo.

Nililia. Peris akadhani zimeniumiza.

Alikuwa amehamia nyumba ya kupanga kule Tassia na hakuwa hata na kigoda. Nikamwambia, "Chukua viti vyangu, uniachie hizi." Ni seti ya sofa niliyoinunua mwenyewe kabla sijaolewa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika, na kesho yake akaja na mkokoteni.

Mume wangu ni dereva. Aliporudi jioni alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Mama Neema, viti viko wapi?"

Nilimweleza yote, kisha nikamvalisha zile earphone. Alisikiliza kidogo, akazitoa.

"Nasikia muziki. Hata zangu zinatoa muziki. Tena zangu zina besi."

"Zako zinapiga ngoma tu, Baba Neema. Hizi zinanipa maneno."

"Na mgeni akija, ataketi kwenye maneno?"

Ni kweli nilipaswa kumwambia kwanza. Hilo nimemwomba radhi na narudia kumwomba hapa. Lakini alitaka niombe radhi kwa kuzitaka zile earphone, na hapo nilikataa. Akafungasha nguo zake akaenda kwa ndugu yake, mtaa wa Kiamaiko. Ameacha ujumbe kwamba siku viti vitakaporudi ndiyo siku atakayorudi.

Wifi yangu mkubwa alikuja kunisema. Nilimkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akakataa chai. "Mwanamke mwenye akili hawezi kubadilisha heshima ya nyumba na nyuzi mbili," alisema. "Na tena wewe, masikio yenyewe mabovu. Ni kama kumnunulia kipofu kioo."

Nilimjibu taratibu, "Wifi, ningekuwa na mguu mbovu nikanunua gongo, ungekuja kunisema?" Aliondoka bila kuaga.

Tangu hapo kila nikitoka kazini naimba na ile kaseti mstari kwa mstari, sauti ikiwa chini kabisa. Jumamosi iliyopita nilikwenda mazoezini, nikasimama na wenzangu wa sauti ya pili. Mwalimu aliniangalia, kisha akainua mkono tuanze. Tuliimba wimbo mzima na hakuusimamisha. Mwenzangu wa kando alinifinya mkono.

Peris ni mtu mwema. Amesema nikitaka viti atavirudisha, kila mtu abaki na chake. Kwa hiyo njia ipo wazi, na hilo ndilo linalowafanya wote wanione mkaidi. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi kusikiliza kesi yangu. Nampenda mume wangu. Neema anamuulizia kila jioni. Lakini viti nilivikalia miaka yote na havikuwahi kunirudishia kitu nilichopoteza.

Wasomaji, nishaurini, nifanye nini ili mume wangu arudi kwenye nyumba isiyo na viti? Wa kuniambia nizirudishe asipoteze stempu yake.