Ubishi wa Medali Chini ya Sakafu

Tulihamia Kasulo, mtaa wa wachimbaji madini, mvua zilipokwisha: mume wangu, mimi, watoto wetu, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Sebule ilikuwa na sakafu mpya ya saruji, laini, bila ufa hata mmoja. Katika mtaa ule hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu, maana karibu kila kiwanja kina shimo, na kila shimo lina turubai juu yake. Niliweka cherehani yangu karibu na dirisha nikaanza kushona sare za shule.

Kelele za chini tulizizoea upesi. Watu huchimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe, na mahandaki hayajui mpaka wa kiwanja. Ukikaa kimya unasikia nyundo, kama mtu anayepasua karanga chumba cha pili. Jirani yangu, mama mmoja mjane aliyeuza maandazi, aliniambia siku ya kwanza, "Ni batoto ba pale nyuma, mama. Usiogope."

Kiangazi kile Michezo ya Olimpiki ilifanyika Ufaransa, na nyumbani kwetu ubishi ukaanza kabla hata ya mwenge kuwashwa. Mume wangu alishika China. Kazini mgodini aliwaona Wachina wakiingia kabla ya jua na kutoka baada yake, na aliamini kwamba watu wa namna hiyo hawashindwi na mtu katika jambo lolote linalohesabiwa. Shemeji alishika Marekani. Alikuwa kibarua wa reli upande wa Tenke, na siku zile ilizungumzwa sana ile njia inayopita Dilolo kwenda Angola, kwamba Wamarekani ndio wanaoitaka. "Yaya," alimwambia kaka yake, "mwenye kuya nyuma njo anakuwaka na haraka." Yaani, anayekuja mwisho ndiye mwenye haraka.

Sisi wenyewe hatukuwemo kwenye jedwali. Shemeji alilalamika kila jioni kwamba medali ya shaba, mali ya nyumbani kwetu, anavishwa mtu wa tatu, halafu mtu mwenyewe analia kwa huzuni. Tulicheka. Mimi sikushika nchi yoyote. Niliwapikia bukari, ugali wa kwetu, nikawaacha wabishane.

Siku moja kabla ya adhuhuri nilikuwa peke yangu. Umeme ulikuwa umekatika, televisheni imezima, watoto wako kwa shangazi yao. Uzi ulikatika, nikaacha kukanyaga cherehani ili niutie tena kwenye sindano. Hapo nikasikia watu wanaongea chini ya miguu yangu. Walikuwa wanaume wawili, vijana kwa sauti zao, na hawakuwa wakipiga kelele. Waliongea kama watu waliokaa kupumzika.

"China iko juu," mmoja alisema.

"Iko juu leo. Itabakia juu mpaka siku ya mwisho. Siku ya mwisho, America itaipita."

"Itaipita na nini?"

"Utaona."

Nilitabasamu. Kumbe hata huko chini wanabishana kama wa nyumbani kwangu. Jioni nikawasimulia. Shemeji alifurahi sana kupata mtu wa upande wake, hata kama yuko ndani ya ardhi. Mume wangu akatikisa kichwa. "Batu ba chini banapata wapi réseau?" aliuliza. "Simu inakufaka hata mu chumba chetu cha kulala."

Swali hilo lilikuwa halijanijia.

Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza. Hawakuongea kila siku, na hawakuongea kamwe cherehani ikiwa inalia. Nilipoacha kazi na kutulia, mara nyingine walikuwepo. Kwenye televisheni jedwali lilikuwa linabadilika: leo China juu, kesho Marekani, keshokutwa wamekaribiana tena. Chini, China ilikuwa juu siku zote. Na yule wa pili hakuchoka kusema kwamba siku ya mwisho ingepitwa.

Halafu siku moja, saa ile ile ya kabla ya adhuhuri, yule wa kwanza akasema, "Kule kwao sasa jua limekwisha kuzama."

Niliinua macho. Siku hiyo umeme ulikuwepo. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti, na pale Ufaransa jua lilikuwa kali, watu wamejikinga kwa kofia. Saa yao na yetu ni moja.

"Na mi sijaonaka mashindano ya vile," sauti iliendelea. "Banakimbia, banashinda, na viti byote biko bule. Hata mutu moja wa kupiga mikono hakuna."

Nikatazama tena. Viti vya uwanja vilikuwa vimejaa hadi juu kabisa. Watu walisimama, wakapunga bendera, midomo wazi. Nilikaa na kitambaa mikononi, na baridi ikanipanda kutoka kwenye sakafu hadi magotini. Nikatoka nje, nikaketi juani kwenye ngazi mpaka shemeji aliporudi.

Nilipomwambia, hakucheka. Alipiga magoti sebuleni, akaweka sikio kwenye saruji, akakaa hivyo muda mrefu. "Sisikie kitu, mama," alisema. Lakini jioni ile alihamisha kiti chake mpaka mlangoni.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani tukakuta majirani wamekwisha kuingia, maana habari ya utabiri wa watu wa chini shemeji alikuwa ameitangaza mtaa mzima. China ilikuwa imetangulia kwa dhahabu. Mume wangu alikaa mbele kama bwana harusi. Kisha Wamarekani wakaanza kusogea, na mchana dhahabu ya mwisho kabisa ikabaki kwenye mpira wa kikapu wa wanawake, Marekani na Ufaransa. Chumba kizima kilishika Ufaransa kwa sababu ya lugha. Marekani ilishinda kwa pointi moja tu. Dhahabu zikalingana, na kwa kuwa Marekani ilikuwa na medali nyingi zaidi za fedha, ikakaa juu.

Hakuna aliyeshangilia. Hata shemeji hakushangilia. Watu waliangalia sakafu, kisha wakaniangalia mimi, kisha wakaanza kuaga mmoja mmoja. Jirani yangu mjane ndiye aliyebaki. Alikuwa amefika katikati ya mchezo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia jambo lile kwa ukamilifu. Mume wangu akamwuliza bila kuzunguka, "Mama, wale batoto banaochimba nyuma, banafika mpaka hapa chini yetu?"

"Hapana, tata. Bale bako upande ule, karibu na barabara."

"Sasa hapa chini kuko nani?"

Alifunga kitenge chake vizuri, akakifungua, akakifunga tena.

"Mwenye nyumba hakuwaambia," alisema, akiangalia sakafu ya sebule. "Kishimo kilikuwa humu mu salon. Hapo penye mashini yako, mama."

Akatusimulia pole pole. Vijana wawili walikodi nyumba ile ili wachimbe ndani yake, mmoja mtu wa Kasai kama mume wangu, mwingine ametoka upande wa Manono. Walipendana kama ndugu na kubishana kama wake wenza. Ilikuwa wakati wa Michezo iliyopita, ile ya Japani, wakati wa ugonjwa, ilipochezwa bila watazamaji. Huko jua hututangulia sana, matokeo yalikuwa yakitufikia asubuhi. Asubuhi ya siku ya mwisho walinunua maandazi kwake, wakabishana mbele yake nani atamaliza juu, China au Marekani, wakashuka. Udongo ukawafunika. Watu walifukua, wakafukua, kisha pakawa hatari, wakaacha. Mwenye nyumba akajaza kifusi, akapiga saruji.

"Na mara ile nani alimaliza juu?" nikauliza.

Shemeji alijibu badala yake, kwa sauti ndogo. "America. Siku ya mwisho. China iliongoza mpaka siku ya mwisho."

Nilielewa basi kwamba wale vijana hawakututabiria chochote. Walikuwa bado kwenye ubishi wao wa siku zile za Japani, na jibu lilipopatikana hawakuwa na mtu wa kuwaambia.

Mume wangu alitaka tuondoke saa ile ile tukalale kwa shangazi yake. Jirani alirudi kwake, shemeji akamsindikiza, nami nikamwomba mume wangu anisubiri nje. Alinitazama kama mtu asiyenijua, lakini alitoka na kusimama kizingitini. Jua lilikuwa bado juu ya paa za mabati. Nilisogeza cherehani, nikapiga magoti, nikaweka viganja kwenye saruji. Nilihisi aibu kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua.

"Batoto," nikasema, "mimi ni mama wa hapa juu. Michezo ile ya Japani imekwisha kitambo. America njo ilimaliza juu. Iliipita China siku ya mwisho. Pumzikeni sasa."

Nilisikia maandazi yakikaangwa uani kwa jirani, na pikipiki ikipita. Nilikuwa nimeanza kuinuka iliposikika sauti ya yule wa pili, si ya chini sana tena, karibu kabisa, kama mtu aliyelala upande wa pili wa blanketi.

"Si nilikuambia."

Mume wangu aliisikia pia. Hajawahi kukubali kwa mdomo, ila alinishika mkono kwa nguvu hata pete ikaniachia alama, na hatukulala tena ndani ya nyumba ile. Mchungaji alikuja kuomba kesho yake, na kabla ya juma kwisha shemeji na wenzake wa reli walikuwa wamebeba vyombo vyote. Jirani alituma habari Kasai na Manono kwa watu wanaosafiri, ili jamaa wajue mahali walipo watoto wao. Sijui kama ziliwafikia.

Nilirudi Kasulo mara moja, kabla ya Noeli. Nilikuta msichana aliyeolewa karibuni, ana mimba, anapiga deki sebule. Nilijitambulisha, nikamwambia tulikaa pale, nikamwambia na kilichokuwa chini. Alinisikiliza kwa heshima yote, ameegemea fimbo ya deki.

"Hapa pako kimya, mama," alisema. "Mi nashinda hapa siku nzima peke yangu. Kama pangekuwa na mutu, ningemusikia."

Alinikaribisha ndani nikae. Nilimwambia nina haraka, nikamuaga nikiwa nimesimama mlangoni.