Kitenzi Alichonyang'anywa Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya Mikindani miaka ya sitini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki akaniambia: "Bibi, kitenzi cha Kiingereza hakifundishwi kwa tafsiri tupu. Msimamishe mtoto, wenzake wamtungie sentensi." Mimi mgeni kutoka Songea nikashika.

Tulipofikia "excel", nilimsimamisha Zuhura, binti wa fundi cherehani. Nikaeleza: kushinda kunataka mpinzani, lakini excel ni kuwapita wengine kwa uhodari hata kama hamkushindana, kisha unataja jambo lenyewe. Darasa zima likapaza sauti: "Zuhura excels in arithmetic!"

Kesho yake mama yake akaja.

"Mwalimu, mtoto hasifiwi hivi hivi, atapatwa na jicho. Tangulizeni mashaallah."

Akanong'ona kwamba posa ya Zuhura imeshaletwa, ila baba anaikataa. Anasikia mwanawe amewapita wote, anataka aende sekondari. Basi tukawa tunatanguliza mashaallah.

Ndipo akaja Mkaguzi wa Shule kutoka Mtwara mjini, suruali imenyooka kuliko akili yake. Akalisikia darasa likimtaja Zuhura.

"Mashaallah ya nini kwenye Kiingereza? Tena msichana! Huyu kesho ataolewa. Toeni mfano wa mvulana."

Akamsimamisha Saidi.

"Bwana, mimi hesabu zinanitoa jasho," Saidi akasema. "Zuhura ndiye."

"Nyamaza! Haya, wote semeni!"

Wakasema, mara tatu: "Saidi excels in arithmetic!" Nikamwambia Mkaguzi sentensi ile ni ya uongo.

"Sarufi yake ni sahihi, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu, yule yule aliyenifundisha kazi, akawa anatazama viatu vyake. Nilimdharau tangu siku ile.

Watoto waliiimba sentensi ya Saidi mpaka majumbani. Wiki iliyofuata Zuhura hakuonekana, nikaenda kwao. Mama alinipokea mlangoni.

"Baba yake kawasikia watoto njiani. Kasema kumbe aliyewapita wenzake si mwanetu. Posa tumeipokea."

Nilieleza kwamba ni Mkaguzi aliyelibadilisha jina, na hodari ni Zuhura.

"Mwalimu," akasema, "Serikali imeshasema."

Mimi nikahamishiwa Msimbati kwa kosa la ukaidi, nikafundisha huko na kwingineko mpaka nilipostaafu. Vijana mnaoshika chaki leo mnaniuliza mbona hasira hazijanitoka. Zitoke ziende wapi? Siku wenzake walipoketi kufanya mtihani wa hesabu, Zuhura alikuwa amewekwa ndani, anapakwa hina.