Rangi za Mashavu ya Mariette

Mwaka wa 2001, vita vikiwa bado vinazunguka Butembo, Mama Elsa alishuka mjini kutoka Masereka na picha aliyoifunga ndani ya kitambaa cha kikwembe. Mchoraji Jokébed aliifungua na kuisogeza penye mwanga. Ilikuwa sura ya Mariette, binti wa Elsa, aliyeuawa njiani. Nyumba yao ilichomwa pamoja na foto zote, kwa hiyo Jokébed alikuwa amemchora kwa kumsikiliza mama mtu akieleza. Sasa wekundu wa mashavu ulikuwa umekwisha na midomo imekuwa ya kijivu.

“Niliitundika salon, pale tunapoketi na wageni, pembeni ya dirisha,” Elsa akasema polepole. “Kila siku anapungua. Juzi mudogo wake ameniuliza kama Mariette alikuwa mugonjwa.”

Rangi zile Jokébed alizichukua sokoni bila kuzijaribu, maana siku hizo mtu alichukua alichokuta. Na picha alizochora kwa rangi hizohizo zilikuwa zimetawanyika katika nyumba nyingi za wafiwa. Akaanza kupoteza usingizi, akiziona zote zikififia ukutani.

Aliposikia kwamba Jéthro, mfanyabiashara wa Mulekera kule Beni, ameleta rangi za maji kutoka Kampala, alipanda camionnette ya abiria asubuhi. Wiki ile watu walikuwa wametekwa kwenye barabara ileile.

Jéthro alimwekea mezani boksi kubwa la rangi za kung’aa.

“Chukua hii, mama. Batu wote banaipenda.”

“Niache nijaribu kwanza.”

“Jaribu, lakini uende mbio. Hapa kila mutu anafunga mapema.”

Jokébed akachora mstari wa penseli kwenye karatasi, akapitisha rangi juu yake. Ilikauka kama chokaa, mstari ukapotea kabisa. Alipoisugua, ikabaki kidoleni kama unga. Akaomba zile tube chache za rangi zilizokuwa kwenye rafu ya nyuma, zisizovutia macho. Tone dogo lilisambaa na maji, likawa angavu kama kioo, na mstari ukaonekana vizuri chini yake, jinsi alivyotaka kwa ngozi ya uso. Risasi zikasikika mbali. Jéthro akaanza kushusha mlango. Jokébed aliendelea kujaribu kila rangi, na ya zambarau akaiacha kwa sababu ilikatika vipande ndani ya maji. Kama zitavumilia jua, hilo hakuweza kulijua dukani.

Wakati wa kurudi, kwenye barrage, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alifungua mfuko wa Jokébed.

“Hii ni kitu gani?”

“Rangi, chef. Ya kuchora.”

“Kuchora nini? Position yetu?”

“Hapana, chef. Sura ya batu benye bamekufa.”

Askari akamkazia macho, kisha akakamua tube nyekundu yote juu ya ubao wa kizuizi, akitafuta kilichofichwa ndani. Hakukuwa na kitu. Abiria waliinamisha vichwa. Jokébed alijua kunyamaza ndiko salama, lakini mdomo ulimtangulia.

“Chef, minaomba niichote. Ni ya mashavu ya mutoto moja.”

Askari akageuka kutazama upande mwingine. Jokébed akaichota kwa kifuniko cha kopo la maziwa.

Alipofika nyumbani, nyekundu ile ilikuwa imekauka ngumu. Akaigusa kwa brashi yenye maji, ikalainika tena. Akapaka michirizi ya kila rangi kwenye karatasi, akafunika nusu ya kila mchirizi kwa kartoni na kuiacha dirishani kiangazi chote. Kila asubuhi alitamani kuchungulia, na kila asubuhi aliogopa. Alipoifunua mwishowe, manjano ilikuwa imepauka upande wa jua, akaitupa. Nyekundu ilikuwa ileile pande zote mbili.

Mariette alichorwa upya, Elsa akiwa ameketi karibu na kusahihisha: “Midomo ilikuwa inajaa kidogo.” Picha ilipokauka, Elsa akasema tu kwamba safari hii ataitundika mbali na dirisha.

Baada ya hapo Jokébed alianza kwenda nyumba kwa nyumba, akiomba aonyeshwe picha zake za zamani ili azichore upya zilizofifia. Mlangoni pa kwanza alisikia watu wakiongea ndani, akabisha hodi.