Kabla ya Meli, Kwanza Kishushe

Saa mbili kasorobo asubuhi, lami imekwisha na vumbi jekundu linaingia ndani ya Probox ya dereva Donald ingawa vioo vyote vimefungwa. Kwenye kiti cha mbele, Tryphena Mbeyu amegeuka kutazama nyuma, daftari magotini, macho kwa abiria wake wawili kama msimamizi wa mtihani.

Nyuma wameketi mume na mke kutoka Sagalla. Timotheo Mwandawiro, mwalimu mstaafu wa hesabu, anasoma ukurasa wa michezo kwa sauti ile ile aliyowatishia nayo watoto wa darasa la saba kwa miaka thelathini. Mkewe, Teresia Katuku, muuguzi mstaafu, amepewa ukurasa wa matangazo ya vifo. Amesoma majina mawili na kulikunja gazeti.

Kwenye kona ya tatu gari linatumbukia shimoni, na Teresia ananyoosha mkono mmoja, mwingine umeziba mdomo. Tryphena anampa mfuko wa khaki, anamwambia Donald asimame, anatazama saa na kuandika.

"Dakika kumi na moja," anasema. "Pole, Sista. Umefeli."

Bahari iko mbali sana na hapa, lakini huu ni mtihani wa bahari. Yeyote anayetaka Tryphena ampangie likizo ya melini lazima kwanza apande gari la Donald, apewe gazeti asome, apelekwe barabara ya Kishushe yenye kona na mashimo, ionekane kama atatapika. Hakuna Kishushe, hakuna bukingi. Wapo waliomcheka na kwenda zao. Wengine walimwita mwehu, naye akawapa chai na kuwaonyesha mlango.

Tryphena, mwenye umri wa miaka 46, ana ofisi ya chumba kimoja karibu na soko la Voi, ukuta kwa ukuta na fundi wa redio. Tiketi za basi, za treni na za ndege ndizo zinazolipa kodi. Lakini kilichoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni ni safari za meli, na hapo ndipo moyo wake ulipo.

Meli anaijua kwa upande wa ndoo na tambara. Kwa miaka tisa alisafisha kabini kwenye meli za watalii, vyumba kumi na sita kila siku, asubuhi na jioni, kwa mikataba ya miezi minane minane. Yeye mwenyewe alilala chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, pamoja na mwanamke wa Kifilipino aliyekuwa akikoroma.

"Watu wakiona picha ya meli wanaona bwawa la kuogelea. Mimi naona taulo," anasema. "Bahari ikichafuka usiku, asubuhi najua ni room gani nitaenda na ndoo mbili. Ni zile za mbele, za juu, zenye ziko na baraza. Zile za bei ghali. Wa katikati, chini, hao walikuwa wamelala kama watoto."

Elimu hiyo ya ndoo ndiyo anayoiuza leo. Ilimgharimu, na hilo halifichi. Aliondoka nyumbani binti yake, Abby, akiwa na miaka miwili. Aliporudi moja kwa moja, miaka minne iliyopita, Abby alikuwa na kumi na mmoja. Alimsalimia mama yake vizuri, akamkaribisha kiti, akamletea chai katika kikombe cha wageni, kile chenye maua kinachokaa kabatini.

Tryphena alikunywa chai ile yote. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka mama yake mzazi akamfuata. Siku hiyo aliapa kwamba hatapanda tena meli kikazi.

Kuapa ni rahisi. Wateja wake wa kwanza wa meli walikuwa makarani wanne wastaafu wa Voi, na yeye, kwa kutaka kuwafurahisha, aliwapa walichokitaka badala ya kile alichokijua. Walitaka vyumba vya mbele vyenye baraza, akawapa. Mmoja wao, Maundu, alitapika siku saba mfululizo. Alirudi amekonda, na hakuna kibanda cha chai mjini ambacho hakikusikia habari zake.

Kwa miezi minane hakuna aliyegusa mlango wake kuuliza meli. Ndipo akabuni mtihani wa Kishushe. Hakutaka tena kumpeleka mtu baharini bila kujua tumbo lake.

Mwanzoni mwa mwaka huu mambo yalikuwa yamembana. Mwezi mzuri ofisi ilimwachia shilingi elfu thelathini, na miezi mizuri haikuwa mingi. Wakala mmoja wa Mombasa anayetafutia watu kazi melini alimtumia barua ya mkataba: miezi minane, shilingi elfu themanini na tano kwa mwezi, kazi ile ile, chini kule kule. Alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu.

Teresia na Timotheo walikuja katikati ya hayo. Waumini wa Sagalla, wastaafu kumi na wawili pamoja na wao, walikuwa wamekubaliana kwamba hawa wawili watangulie, wakirudi salama wote watafuata. Tryphena alielewa hesabu hiyo vizuri kuliko mwalimu mwenyewe. Teresia akirudi kama Maundu, ofisi imekwisha, na Abby anaachwa tena kwa bibi yake.

Na huyo Teresia ndiye aliyetapika kona ya tatu.

Wangeweza kuachia hapo. Timotheo, aliyefaulu bila hata kutoa jasho, alipendekeza kwa upole kwamba labda aende na shemeji yake. Teresia alikataa katakata. Alisema amewasukuma watu kwenye viti vya magurudumu miaka thelathini na minne, na yeye naye anataka kubebwa na kitu kikubwa kabla hajafa, atapike asitapike.

"Basi utanisikiliza," Tryphena alimwambia. "Yote nitakayosema."

Timotheo alikuja ofisini na karatasi aliyoikata gazetini: meli ya ghorofa kumi na nane, wiki mbili, kumbi tatu za michezo ya kuigiza. Tryphena aliirudisha kwake ikiwa imekunjwa. Kwa mara ya kwanza, alisema, chukua safari fupi na meli ndogo, uone kama mnaelewana. Na bei ya kwenye tangazo ni ya kukuita tu. Uliza kwanza kama ada za bandari zimo, kama maji ya kunywa yamo, na bakshishi ya wanaosafisha vyumba. Hapo alikaza sauti kidogo, na mwalimu akaandika.

Aliwachagulia siku sita, kutoka Mombasa hadi Zanzibar na Komoro na kurudi, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kabla upepo wa kusi haujaanza kuisumbua bahari. Kabini ya chini, katikati kabisa, isiyo na baraza. Timotheo aliuliza kama ina dirisha. Lilikuwepo, la mviringo, la kutosha kuchungulia.

Aliwakagulia paspoti na kukuta ya Timotheo imebakisha miezi minne tu, akamrudisha foleni kutafuta mpya, maana bandari nyingi hazikubali chini ya sita. Aliwapeleka kuchanjwa homa ya manjano. Aliwaambia wanunue bima inayolipa mgonjwa kushushwa melini, na dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu mabegi makubwa huchukuliwa langoni na hufika chumbani baada ya saa nyingi. Aliwaambia wapande treni siku moja kabla, walale Mombasa. Treni ikichelewa utapewa pole, lakini meli inang'oa nanga ikikuona unakimbia.

Daktari aliwapa vidonge vya kichefuchefu. Tryphena aliwaeleza mara tatu kwamba humezwa kabla ya tumbo kuanza, si baada. Mwisho aliwaonya wazime simu mara meli inapoondoka, kwa kuwa mtandao wa baharini unakula pesa kuliko kasino.

Onyo hilo la mwisho alikuja kulijutia.

Waliondoka Ijumaa. Jumamosi kimya. Jumapili saa kumi jioni ujumbe ukaingia kutoka simu ya Teresia, wakiwa Zanzibar: "Tumefika. Mgonjwa alitapika mara sita usiku wa kwanza. Daktari wa meli amemchoma sindano. Hali ni ya kuridhisha."

Tryphena alipiga simu papo hapo. Ilikuwa imezimwa. Meli ilikuwa imeondoka kuelekea Komoro, na wateja wake, kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi hiyo, walikuwa wakifuata maagizo.

"Mara sita," anakumbuka. "Nilihesabu kila moja. Nilimwona Sista kabisa, amelala kwa sakafu, na mimi ndiye nimempeleka."

Jioni hiyo alitoa barua ya wakala kwenye droo, akaitia sahihi, akaiacha mezani nyumbani, ipelekwe Mombasa baada ya siku chache. Abby, ambaye sasa yuko gredi ya tisa, aliiona alipokuwa akipanga vitabu. Asubuhi yake alimletea mama yake chai katika kikombe chenye maua.

Mpaka leo Tryphena hajui kama binti alifanya kusudi au vikombe vingine vilikuwa havijaoshwa. Hajathubutu kuuliza. Anasema chai ile aliiacha mezani.

Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya wakala kufunga majina, Tryphena alikuwa stesheni ya Voi tangu saa mbili asubuhi kusubiri treni ya kutoka Mombasa. Barua ilikuwa ndani ya mkoba. Donald alikuwa nje na Probox, kiti cha nyuma kimetandikwa shuka kwa ajili ya mgonjwa.

Treni ilisimama. Wa kwanza kushuka katika behewa la tatu alikuwa Teresia Katuku, begi mkono huu, begi mkono ule, uso umeiva kwa jua. Nyuma yake, akishikilia chuma cha mlango kwa mikono miwili na kupima ardhi kwa kiatu, akashuka Mwalimu Timotheo.

Tryphena alisimama pale akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza mgonjwa ni nani.

"Ni huyu hapa," Teresia alijibu, akimwelekeza mumewe kwa kidevu. "Vidonge alivitupa. Alisema yeye alipita Kishushe."

Na kwa nini basi hakuandika jina? Teresia alimshangaa. Mgonjwa haandikwi jina kwenye ujumbe ambao mtu yeyote anaweza kuusoma, alisema. Hiyo ni siri ya mgonjwa, na yeye hajaivunja tangu aanze kazi.

Tryphena alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya begi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, yalikuwa ya furaha tupu. Timotheo naye, kwa heshima zake, alikiri kwamba kuanzia siku ya tatu, alipokubali kumeza vidonge, alikula vizuri sana, na kwamba samaki wa Komoro si mchezo. Alilalia ile shuka ya Donald hata hivyo.

Teresia ndiye ambaye hakutaka kwenda nyumbani. Njia nzima alisimulia alivyomeza kidonge saa mbili kabla ya meli kuondoka, alivyotembea katikati ya meli alipoambiwa atembee, alivyotazama mbali pale bahari ilipoyumba, alivyokula vipande vya mkate mkavu kwanza na chakula baadaye. Siku ya nne alikuwa akiwafundisha wanawake wa kutoka nchi nyingine jinsi ya kulala chali.

Hapo ndipo Tryphena, akisikiliza kutoka kiti cha mbele, alipogundua kasoro ya mtihani wake. Alitafuta daftari lake akakagua majina ya wote waliokwenda tangu Kishushe ianze. Waliofaulu ndio waliolalamika. Waliofeli wakang'ang'ania kwenda walikuwa wamerudi wakitabasamu.

"Mtu akifaulu anajiona baharia. Hasikii kitu," anasema. "Mwenye amefeli anaogopa, kwa hivyo anafuata kila kitu. Nilikuwa nawapa pole watu wa kupewa hongera."

Kabla ya saa sita mchana alimpigia wakala wa Mombasa na kumwambia jina lake lisiwekwe. Wakala alimwuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Waumini kumi waliobaki wa Sagalla wameshaweka nafasi za mwezi wa pili mwakani, na wote wamekwenda Kishushe. Saba wamefeli, na Tryphena amewapongeza kwa mikono miwili.

Nafasi zilizowekwa ni kumi na mbili. Mbili za ziada ni zake na Abby, kabini ya katikati yenye dirisha. Kwa miaka tisa alikuwa ndani ya bahari bila kuiona, na sasa anataka kuitazama akiwa amekaa, binti yake kando, mtu mwingine akitandika kitanda. Bakshishi ya mtu huyo ameshaitenga kwenye bahasha.

Abby ameshaanza kuchagua nguo. Amemwambia mama yake kwamba mtoto wa msafishaji wa meli hahitaji mtihani wowote, na vidonge ni vya wazee.

Jumamosi asubuhi Donald atampitia kwa Probox. Gazeti liko tayari, mfuko wa khaki uko tayari, na Tryphena, aliyemaliza chai yake katika kikombe cha kila siku kilichokatika mkono, anaulizwa kama anadhani binti atafaulu.

"Namwombea afeli," anasema.