Habari za Kesho, Mkutanoni Masisi

Walionialika walisema ni kongamano. Nilipofika Masisi nikakuta ukumbi wa parokia, mabenchi ya shule, jenereta inayokohoa uani, na watu wachache kama wanaokuja kwenye matanga ya mtu mgomvi. Wote walikuwa watunza tovuti: za redio za vijijini, za vyama vya wakulima wa maharage, na moja ya mfanyabiashara wa Butembo anayetangaza malori yake. Dirisha moja halikuwa na kioo, na ukungu ulikuwa umeingia ndani kabisa. Mtu aliyekaa nyuma ulimsikia kabla ya kumwona.

Mimi nilikuwa msemaji mkuu. Nina shahada ya fasihi, ambayo hadi umri huu imeniwezesha kutengeneza tovuti za watu wengine. Nilikuja na hotuba kuhusu mfumo huria wa kusimamia maudhui, jina ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulitumia. Wao husema jikoni na saluni. Jikoni ni upande wa nyuma wa tovuti, unakoingia kwa neno la siri na kuandika. Saluni ni upande wa mbele, wageni wanakokaa kusoma.

Niliwaeleza kalenda ya jikoni: unaandika habari leo, unaipa tarehe ambayo bado haijafika, na siku ikifika inajitokeza yenyewe saluni. Nilieleza kwa bidii, hata kwa mikono. Walinitazama kwa huruma.

"Papa Profesa," akasema mfanyabiashara, "na kutafuna utatufundisha?"

Ukumbi ukacheka. Huku kwetu rezo, yaani mtandao wa simu, ni mgeni asiye na adabu, huja apendavyo. Mtu hupanda kilima siku inapopatikana, anamwaga kazi ya msimu mzima, anashuka. Kwa hiyo wote walikuwa wakiishi kwa kalenda. Mama wa redio ya Mweso alisema mavuno ya maharage yajayo ameshayaandika, "na yalikuwa mazuri sana." Mwingine alikuwa na maporomoko ya udongo tayari, alibakiza jina la kilima tu. Nilicheka kuliko wote. Kwetu habari hujirudia kwa uaminifu kiasi kwamba kuzisubiri ni kupoteza muda.

Baada ya chakula, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akasimama. Hakuwa wa kazi yetu. Alikuwa ametoka Kingi kwa miguu baada ya kusikia kwamba wajuzi wa tovuti wamekusanyika. Mdogo wake, akasema, ndiye aliyekuwa akitunza tovuti ya kijiji kimoja upande wa Walikale. Watu walikikimbia kijiji hicho kwa sababu ya vita, usiku mmoja wa mvua, wakatawanyika, wengine hadi Shasha. Tangu hapo simu ya mdogo wake haiiti.

"Lakini anaandika," akasema. "Kila juma anaandika. Jina lake iko chini, na tarehe ya siku ile. Kesho asubuhi napanda pikipiki kuenda kumutafuta. Naomba tu muniambie anaandikia wapi, fasi gani."

Sote tulielewa kwa pamoja, isipokuwa yeye. Jenereta ilisikika kana kwamba imesogea karibu.

"Mama," mfanyabiashara akajaribu, "ile njia, hata malori yangu haipitake tena."

"Yeye anaandika watu wanapita."

"Anaandika..." Akaanza kufuta miwani yake.

Mama wa Mweso akaenda kukaa naye. "Dada, sisi tunaandikaka mbele. Tunaweka tarehe, inatoka yenyewe. Hata mwenyewe akiwa amelala."

"Amelala?"

"Hata akiwa haiko."

Mama wa Kingi akatoa simu yake. "Aliandika daraja imekatika na mvua. Nikauliza watu, wakasema njo kweli, ilikatika. Alijuaje?"

"Inakatikaka kila mwaka, Mama," mtu akasema kutoka ndani ya ukungu.

"Aliandika: leo dada yangu ananikumbuka. Na mimi siku ile nilimukumbuka, nikalia."

Mama wa Mweso akamshika mkono. "Ni siku gani haumukumbuke?"

Tovuti ile niliitengeneza mimi, kama nyingi za pale, na ufunguo wa jikoni ninao. Nikafungua kompyuta, naye akaja kusimama nyuma yangu. Mdogo wake alikuwa ameingia mara ya mwisho kabla ya kijiji kukimbiwa. Tangu hapo hakuna mkono uliogusa kitu. Chini ya rekodi hiyo, kwenye skrini, habari zilijipanga kwa rangi ya kijivu, kila moja ikisubiri siku yake kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.

Ya kwanza ilikuwa ya kesho. *Daraja limetengenezwa. Njia ni salama. Wote mliokwenda mbali, karibuni nyumbani.*

Aliiandika kwa nia njema, kama alivyoiandika kila mwisho wa masika. Nikakumbuka makala zangu mwenyewe, za kuchekesha, zilizopangwa hadi Noeli. Nikifa leo nitaendelea kutania watu mpaka wanichoke.

"Kesho ningesoma hii niko juu ya pikipiki," mama akasema. Alisoma tena, midomo ikicheza. "Iko na sauti yake kabisa." Kisha: "Nionyeshe fasi ya kuitoa."

Nikamwonyesha. Akabonyeza mwenyewe.

"Za mvua na za maharage ziache," akasema. "Hazitaita muntu. Zinaishia wapi?"

Nikateremka hadi ya mwisho, tangazo la siku ya soko. Chini yake palikuwa peupe.

"Weka yangu pale. Andika: Niko Kingi. Sikupanda pikipiki. Kama uko, wewe njo ukuje."

Nikaandika, nikamuuliza tarehe.

"Ile inafuata ya mwisho yake. Sitaki amalize kusema, halafu kunyamaze."

Nilipotaka kuhifadhi, nikaona mfumo umeshaweka jina la mdogo wake chini ya maneno hayo, maana kwenye tovuti ile hakukuwa na mwandishi mwingine. Naye aliliona.

"Toa," akasema. "Muntu hajiitake mwenyewe."

Nikalifuta, nikamuuliza lake. Alilitaja polepole, herufi moja moja, akihakikisha ninaiandika kila moja. Nikabonyeza, na habari yake ikageuka kijivu, ikakaa chini ya zile za mdogo wake.